Sura ya Sita: Anayeita na Anayeitika

Katika Bonde la Issa, upande wa magharibi wa Ugalla, magharibi mwa Tanzania, watafiti waliwahi kutundika vinasa sauti juu ya miti ya miombo, vikiendeshwa kwa umeme wa jua, vikasikiliza pori usiku na mchana bila mtu kukaa chini yake. Walichokuwa wakikitega ni mayowe ya sokwe. Maisha ya sokwe wa Ugalla ni magumu kuliko ya wenzao wa Gombe na Mahale: nchi yao ni kavu, miti imeachana, chakula kiko mbali, na wao wenyewe ni wachache waliotawanyika katika eneo kubwa. Alexander Piel, aliyefanya kazi hiyo, alichapisha matokeo mwaka 2018, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sokwe hao hupaza sauti hata usiku, saa ambazo ilidhaniwa wamejilalia kimya kwenye viota vyao.

Mimi si mtaalamu wa sokwe. Ila aliyewahi kulala peke yake kambini katika pori lile, chui akikohoa ng'ambo ya mto, hahitaji kuelezwa kwa nini kiumbe apige yowe gizani na kungoja kama kuna atakayelijibu.

Warina asali wa Ugalla wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Yuko ndege anaitwa mlembe, yule anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga wa nyuki ili naye aambulie masega. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na mlembe wa Niassa, Msumbiji, huitikia zaidi mlio wa Wayao wa huko. Ndege ni wa jamii moja. Kila mmoja ameizoea sauti ya majirani zake. Mpigie mlio wa ugenini, uwezekano wa kukujibu unapungua sana.

Nimeanzia porini kwa makusudi, maana vitabu vingi vya tiba ya sauti huanzia kwenye bakuli za shaba za Himalaya, au kwenye muziki wa hezi 432 unaodaiwa kutibu kila kitu kuanzia kipandauso hadi uchumba uliovunjika. Habari ya hezi 432 haina utafiti wa maana nyuma yake. Bakuli, sawa, zina mlio mtamu, na hoteli za pwani zinawatoza watalii fedha nzuri kwa kuwalaza chini na kuwagongea. Lakini mtu wa Mpanda, mkoani Katavi, anayetafuta nafuu ya moyo hana haja ya kuagiza kitu kutoka Nepal. Anacho kifua, na akitembea kidogo atawapata watu wa kumwitikia.

Tuangalie kifua kwanza.

Mtu mwenye hofu hupumua juu juu. Mabega yanapanda, tumbo limekaza, pumzi fupi fupi zinafuatana. Mtu anayeimba hawezi kupumua hivyo, kwa sababu wimbo wenyewe haumruhusu. Inambidi avute hewa haraka mwanzoni mwa mstari, halafu aitoe kidogo kidogo mpaka mstari uishe. Pumzi inayotoka taratibu huipa kazi neva ya vegasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo wa moyo. Ndiyo maana mtu aliyeimba nusu saa hujikuta ametulia ingawa hakuna tatizo lake hata moja lililotatuliwa.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza jaribio dogo lililofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya. Waliwasalisha rozari kwa Kilatini, na kwa zamu nyingine wakawapa kukariri mantra ya Kihindi. Mambo hayo mawili, yaliyotoka pande mbili za dunia, yaliishusha pumzi hadi mara sita hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Kwa mwendo huo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilianza kupanda na kushuka kwa mpango mmoja, hali ambayo madaktari wa moyo huifurahia.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria Karema, kule kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako Wamisionari wa Afrika waliichukua ngome ya Wabelgiji mwaka 1885 na kuigeuza misheni. Rozari imesaliwa pale kwa vizazi vingi, mmoja akitangulia na wengine wakipokea nusu ya pili ya sala. Waislamu wa Mpanda nao wana uradi na dhikri, na anayejua dhikri inavyokolea anajua pumzi inavyotawaliwa pale. Nisieleweke vibaya: sisemi kwamba sala ni zoezi la mapafu. Nasema mwili nao una fungu lake katika ibada. Na lazima niseme pia kwamba anayeikimbiza rozari ili awahi ugali hapati fungu hilo, kwa sababu kinachofanya kazi ni ule mwendo wa polepole.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kila mama anayembembeleza mtoto hulifanya bila kufundishwa: kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa. Mwaka 2002 Eddie Weitzberg na Jon Lundberg wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waligundua kwamba kuvumisha namna hiyo huongeza gesi ya nitriki oksidi inayotoka puani mara kumi na tano kuliko kupumua kimya. Gesi hiyo hutengenezwa kwenye vyumba vya mifupa ya uso, na mtetemo wa sauti ndio unaoisukuma itoke. Walioiuza habari hii mitandaoni kama dawa ya maradhi yote wameivuta mbali mno. Kwangu inatosha kujua kwamba sauti hugusa mpaka ndani ya mifupa ya uso.

Kuhusu kuimba kwa pamoja, Björn Vickhoff na wenzake wa Göteborg walipima mioyo ya vijana waliokuwa wakiimba kwaya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Mioyo ya waimbaji iliongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, ikifuata mistari ya wimbo. Mkulima wa Kisukuma anayelima kwa ngoma ya bugobogobo, majembe kumi yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, angewauliza kwa nini imewachukua muda wote huo.

Sasa twende Katumba.

Mwaka 1972 Burundi iliingia katika mauaji ambayo Warundi wenyewe huyaita ikiza, na maelfu kwa maelfu ya Wahutu walivuka mpaka kuja Tanzania. Serikali iliwapa mapori ya magharibi wayafungue: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Katumba na Mishamo leo zimo katika Mkoa wa Katavi. Watu walioshushwa kwenye magari katikati ya miombo walikuwa wamezika ndugu, au hawakupata hata nafasi ya kuwazika. Daktari wa akili hakuwepo. Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Dodoma, na kutoka Mpanda kwenda Dodoma kwa treni unapita Kaliua na Tabora kabla hujafika popote. Walilima, wakaufanya Ugalla kuwa nchi ya mahindi, maharage na tumbaku, na wakaanzisha kwaya.

Umaarufu wa kwaya za makazi haya haukuishia porini. Wimbo wa kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu ukipigwa kwenye basi la Mwanza au la Mbeya, nusu ya abiria watauitikia, na wengi wao hawajui kwamba jina hilo limetokana na barabara zilizopewa namba katika makazi ya wakimbizi. Wanajua tu kwamba kuna kitu katika sauti zile.

Ukitaka kukiona kitu hicho, usiende siku ya ibada. Nenda siku ya mazoezi, jioni, watu wakitoka shamba na majembe yakiegemezwa ukutani. Mwalimu ana daftari la kaunta lililochakaa pembe, nyimbo zimeandikwa kwa mkono na do-re-mi zake juu ya maneno. Anaanza na sauti ya kwanza, kina mama na wasichana, mstari mmoja tu, tena, tena. Sauti ya pili wanangoja, mmoja ananyonyesha. Anawageukia, anawapa njia yao. Halafu sauti ya tatu, ambao siku zote wanapotea kwenye kona ileile, na wote wanacheka. Besi wako benchi la nyuma, wazee wawili na vijana wenye sauti zilizovunjika mwaka jana. Mstari mmoja unaweza kurudiwa mara ishirini kabla mwalimu hajainua mikono na kusema, "Haya, wote." Hapo sauti nne zinaungana na mbao za benchi zinatetemeka chini ya mapaja ya waliokaa.

Sasa mtazame yule mama aliyekaa pembeni mwa sauti ya pili. Amefiwa. Amekuja, haimbi. Hakuna anayemuuliza chochote. Mwenzake anamsogezea daftari, anamwekea kidole kwenye mstari. Juma linalofuata midomo yake inachezacheza. Siku atakayotoa sauti haitatangazwa, na pengine hata jirani yake hataisikia, kwa sababu ndani ya sauti ishirini mtu anaweza kulia bila kuonekana na kuanza kuimba bila kuonekana. Ushauri nasaha wa kukaa ana kwa ana na mtaalamu una faida zake, lakini hauna maficho ya namna hii. Kwa mtu wa kwetu aliyefundwa kwamba mtu mzima halii mbele ya watu, maficho hayo ni neema.

Halafu kuna mfuko wa kwaya. Gregory Barz, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 kitabu kuhusu kwaya za Tanzania, alieleza jinsi kwaya inavyokuwa jamii kamili yenye uongozi wake na wajibu wa kusaidiana. Mwanakwaya akiugua, wenzake wanakuja na unga. Akifiwa, wanakuja na rambirambi na wanakesha. Kwa hiyo mtafiti akipima furaha ya wanakwaya na kukuta imezidi ya majirani zao, asiharakishe kuisifia pumzi peke yake. Unga nao umo.

Lakini sauti ya pamoja haiponyi kila inachokigusa. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kutoka Finland, aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kinaeleza jinsi wakimbizi walivyoisimulia habari ya 1972 tena na tena, kwa mpangilio uleule, mpaka ikawa kama maandiko yao. Masimulizi yale yaliwapa heshima na umoja. Pia yalimweka adui mahali pamoja bila kumsogeza. Kinachosimuliwa kwa pamoja kinaweza kulisafisha donda, na kinaweza kulifukua kila jioni. Sioni kanuni ya kutenganisha mambo haya mawili isipokuwa kumwangalia mtu anapoondoka: amepata usingizi, au amewashwa moto? Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi haya walipewa uraia wa Tanzania. Wajukuu wao leo wanaimba nyimbo ambazo Burundi haimo, na sidhani kama hilo ni hasara.

Kabla ya kwaya kulikuwa na ngoma, na ngoma haijaondoka.

Wasukuma na Wanyamwezi wana uswezi, chama cha watu walioguswa na mizimu ya akina Lyangombe. Mgonjwa asiyepona kwa dawa ya majani, anayeota ndoto mbaya, anayekonda bila sababu, huambiwa kwamba ameitwa, na tiba yake ni kuingizwa chamani kwa ngoma, njuga na manyanga. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao walikuja na uswezi wao. Warundi nao, kabla ya misheni, walikuwa na kubandwa, na mkubwa wa mizimu yao waliyemwita Kiranga ni jamaa wa huyo Lyangombe. Watu waliokuja Ugalla kutoka pande mbili, wakitazamana kama wageni, babu zao waliwahi kupigia ngoma ukoo mmoja wa mizimu. Hili halitajwi sana kwenye semina za mahusiano mema.

John Janzen, aliyezitafiti ngoma za tiba kutoka Kinshasa hadi Cape Town na kupitia Dar es Salaam, aliandika mwaka 1992 kwamba kiini cha tiba hizi ni mgonjwa kuutoa wimbo wake mwenyewe na waliomzunguka kuupokea. Mgonjwa hachezewi ngoma akiwa amelala tu. Siku inafika anaanzisha, na wenzake, ambao nao waliwahi kuwa wagonjwa, wanaitikia. Akiendelea vizuri anaweza kuwa mganga. Ukiondoa mizimu, mpango huo unafanana sana na vikundi vya walioacha pombe, ambako aliyeanguka jana anamshika mkono aliyeanguka leo.

Sitaipamba ngoma kupita kiasi. Inagharimu ng'ombe, na familia maskini imewahi kufilisika ikimwingiza binti chamani. Tena jirani wa ngoma ni ramli, na ramli ikishamtaja bibi wa watu kuwa ndiye mchawi, kinachofuata tumekisikia mara nyingi mno katika mikoa ya magharibi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe, na mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku waganga wasiosajiliwa. Msimamo wangu ni mwepesi. Ngoma inayomwambia mgonjwa "imba, tutaitikia" nitaiheshimu. Ngoma inayomwambia "aliyekuroga ni fulani" ni hatari, hata ikipigwa kwa ufundi gani.

Anayedai kwamba haya ni mambo ya kale, nitamrudisha kwenye vipimo. Mwaka 2018 Daisy Fancourt na Rosie Perkins walichapisha utafiti wa kina mama 134 wa London waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Wengine waliimba na watoto wao kwa majuma kumi, wengine walikutana kucheza na watoto bila nyimbo, wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Waliokuwa na hali nzito walipata nafuu haraka zaidi kwenye kundi la kuimba. Timu nyingine ilikwenda Gambia, na huko haikupeleka nyimbo za Kiingereza. Iliwatafuta Kanyeleng, vikundi vya wanawake waliopata shida ya uzazi au kufiwa na watoto, ambao kwa desturi ni waimbaji, na kuwapa kazi ya kuimba na wajawazito. Mlembe na mluzi wa kwao.

Katavi ina watu zaidi ya milioni 1.1 kwa sensa ya 2022, na kliniki za wajawazito zina mabenchi yaliyojaa kuanzia saa moja asubuhi. Wanawake wale wanangoja saa nyingi. Anayejua kuanzisha wimbo hakosekani benchini. Kinachokosekana ni muuguzi wa kumwambia, "Mama, tuanzishie."

Faida nyingine ningependa kila nyumba iijue. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi huondoka na usemi. Mzee anajua anachotaka, ila neno "maji" halitoki. Na bado mzee huyohuyo, ukimwanzishia wimbo aliouimba tangu utoto, anaweza kukufuata maneno yote. Madaktari wa Boston waliona hilo, na mwaka 1973 wakaeleza namna ya kuligeuza kuwa zoezi: sentensi fupi ya kila siku inaimbwa, mkono wa kushoto ukigonga mapigo, kisha wimbo unapunguzwa polepole mpaka yabaki maneno. Haifaulu kwa kila mtu, na inayofaulu huchukua majuma mengi. Lakini haina gharama. Usiseme, "Babu hawezi tena kuongea, mwacheni." Mwimbie.

Nimesifu sauti, sasa niilaumu kidogo. Spika za baa na za mikesha zinazounguruma hadi saa kumi usiku haziwapi majirani tiba yoyote. Zinawanyima usingizi, na kukosa usingizi ni mlango mpana wa maradhi ya akili na ya moyo. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, na kumpigia simu mwenyekiti wa mtaa si kumpinga Mungu. Sauti inayotibu ni ile unayoitoa, au unayoombwa kuijibu. Unayolazimishwa kuimeza kitandani ni kelele.

Na mtu anayesikia sauti za watu wasiokuwepo, aliyeacha kula, au anayesema amechoka kuishi, apelekwe hospitali leo, siyo mazoezini. Kwaya itamngoja, na itamfaa akishaanza dawa.

Walimu wa kwaya wa Katumba, Mishamo, Inyonga, Karema na Mpanda mjini, ombi langu ni kwenu. Najua mnaandaa albamu na mashindano, na kwenye kurekodi mtu anayepotea sauti anaharibu kazi, kwa hiyo mnachuja. Chujeni siku ya kurekodi. Lakini tengeni jioni moja kwa juma ambayo hakuna anayechujwa, aliyefiwa akaribishwe, aliyejifungua aje na mtoto, mzee wa kiharusi aletwe na wajukuu, na muuguzi wa zahanati iliyo karibu aijue siku na saa ili awe na mahali pa kumwelekeza mgonjwa asiyehitaji vidonge. Benchi la nyuma lina nafasi.